Baba Hajanuna

Mvua ya Kyela haipigi hodi. Asubuhi jua linawaka mpaka kuku wanatafuta kivuli. Mara wingu linateremka kutoka milimani, na kilichoanikwa chote kinalowa. Ndiyo maana mtu mwenye kakao juani haendi mbali na kichanja chake.

Siku hiyo Tusekile alikwenda mbali kidogo. Maji yalikuwa yamekwisha ndani, akaenda kisimani. Watoto walikuwa shule. Mume wake, Gwamaka, alikuwa kazini Ipinda, kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nyumbani alibaki baba mkwe wake, mzee Ambwene. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, karibu kabisa na kichanja cha kakao. Turubai la kufunikia lilikuwa miguuni pake.

Mvua ilimkuta Tusekile njiani. Aliitua ndoo, akakimbia. Alipofika uani alisimama, hakuamini macho yake. Mzee alikuwa amekaa vilevile. Maji yalimchuruzika kichwani na kuingia ndani ya shati. Kakao ilikuwa imelowa chepechepe, na yeye alikuwa anaitazama.

"Tata, mvua," Tusekile alisema kwa sauti. Tata ni baba kwa Kinyakyusa.

Mzee aligeuza kichwa kidogo, kisha akairudia kakao kwa macho. Hakuinuka. Tusekile alivuta turubai peke yake, lakini alikuwa amechelewa. Kakao ikilowa baada ya kuanza kukauka, inaota ukungu, na mnunuzi haitaki.

Gwamaka aliporudi alishika konzi moja, akainusa, akairudisha.

"Turubai lilikuwa wapi?"

"Miguuni pake."

"Na mvua aliiona?"

"Ilimnyeshea, baba Jubilate. Angekosaje kuiona?"

Jubilate ni mtoto wao wa kwanza, na kwa jina lake ndivyo walivyoitana.

"Basi huo si uzee," Gwamaka alisema. "Baba amenuna. Ameamua kutuharibia."

Neno hilo si dogo kwa Wanyakyusa. Wazee wa zamani walifundisha kwamba mzazi mwenye hasira anapaswa aiseme. Akiisema, yamekwisha, watu wanakula pamoja. Akiifungia moyoni, nyumba haistawi. Gwamaka alisoma mpaka kidato cha nne, na kila Jumapili yuko kanisani. Lakini aliogopa kununiwa na baba yake.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Zamani mzee Ambwene alikuwa mtu wa maneno mengi. Ukipita njiani bila kumsalimu, alikuita urudi usalimu. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyempenda sana, na kila asubuhi alifagia zizi lake kabla hajanawa uso. Baada ya mke wake kufariki alianza kusahau. Alisahau majina. Alisahau njia ya kwenda kwa jirani. Siku moja alisahau kumfunga ng'ombe, naye akaingia kwenye mpunga wa watu. Gwamaka akampeleka ng'ombe kwa ndugu yao, akabomoa zizi. Kisha mzee akakata migomba isiyopaswa kukatwa, wakamnyang'anya panga. Baadaye wakaficha na jembe.

"Mzee apumzike," walisema. "Watoto wapo."

Majirani walimsifu Gwamaka kwa kumtunza baba yake. Mzee akapewa kiti kizuri. Akakaa. Akaendelea kukaa. Pole pole akaacha kuuliza habari za mashamba, akaacha kusalimia, akaacha kucheka. Chakula kikiwekwa mbele yake, kilipoa. Suruali yake sasa ilifungwa kwa kamba.

Gwamaka aliona ni hasira ya ng'ombe. Akachinja jogoo, akawaita ndugu, akapiga magoti.

"Tata, kama nimekukosea, sema. Nitukane hata mbele ya watu, lakini sema."

Mzee alimtazama. Ndugu wote walingoja. Mwishowe alisema, "Sijui," akatazama pembeni. Gwamaka aliinuka na magoti yenye vumbi, na aibu iliyomzidi kimo.

Sasa, baada ya kakao kulowa, alikata shauri.

"Jumapili tukitoka ibadani nitampeleka Matema, kwa shangazi. Akae huko mpaka moyo wake upoe."

Shangazi Anyisile ni dada mkubwa wa mzee. Anaishi peke yake Matema, karibu na ziwa, na yeye mwenyewe miguu inamsumbua.

"Shangazi hawezi kumwinua," Tusekile alisema. "Na huyu hali. Atamfia mikononi."

"Hapa pia hali. Chakula chako anakikataa kila siku."

Maneno hayo yalimchoma Tusekile, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Yeye ndiye aliyepika. Lakini katika nyumba ile mila ya wakwe ilikuwa bado inashikwa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye, hali naye. Kwa hiyo Tusekile aliweka sahani kwenye kigoda, akasalimia kwa kuinama, akaondoka haraka. Akirudi anakuta ndizi zimepoa na kuku wanazidonoa.

Tusekile si mtu wa kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na wengi. Kesho yake alijifunga khanga vizuri, akaenda zahanati ya kijiji. Nesi Lusungu alikuwa anafunga mlango.

"Dada nesi, nina mgonjwa, lakini nyumbani wanasema si mgonjwa. Wanasema amenuna."

Lusungu alifungua mlango tena. "Kaa, dada yangu. Nieleze."

Jumamosi mchana nesi alifika nyumbani kwao. Gwamaka alimpa kiti, lakini uso wake haukumkaribisha. Nesi hakujali uso. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mzee, akamshika mkono.

"Mugonile, tata," alimsalimia kwa Kinyakyusa.

Alingoja. Alingoja zaidi ya watu wa nyumba ile walivyozoea kungoja. Midomo ya mzee ilichezacheza, na sauti ikatoka.

"Ee. Tugonile."

Gwamaka alishtuka. Yeye husalimia huku anapita na baiskeli.

Nesi alimpima mzee presha. Alitazama macho, masikio na meno yake. Aliuliza kama analia, kama anasema amechoka kuishi, kama halali. Tusekile akajibu kwamba hafanyi hivyo. Hana raha, hana karaha. Yupo tu.

"Anakunywa dawa gani?"

Gwamaka alisita. "Kuna vidonge nilinunua dukani. Nilimwambia muuzaji mzee hana nguvu." Akavileta.

"Hivi ni vya usingizi," Lusungu alisema. "Mtu aliyelala umempa usingizi juu ya usingizi. Usimpe tena. Dawa yoyote ya mzee, muulize kwanza daktari."

"Kwa hiyo anaumwa nini? Maana akili anazo. Ukimwita jina anageuka."

Nesi alimgeukia. "Gwamaka, mashine yako ya kukoboa inawashwaje?"

"Kwa handeli. Unaingiza kile chuma, unazungusha mpaka injini ishike."

"Ukikaa kando ukaingoja iwake yenyewe?"

"Haiwaki hata mwaka."

"Huwa unasema imekununia?"

Gwamaka alitaka kucheka, akajizuia.

"Na ikishawaka?"

"Inakoboa vizuri tu."

"Sasa nisikilize. Nadhani mzee ana demensia. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee tu, wala si uchawi. Watu wengi wanajua kwamba unaleta usahaulifu. Wachache wanajua kwamba unaweza pia kuondoa hamu. Ile sehemu ya ubongo inayomwambia mtu inuka, shika, anza, inadhoofika. Mvua aliiona. Pengine alijua hata kwamba kakao inalowa. Kilichokosekana ni cha kumwinua kwenye kiti."

"Na chakula?" Tusekile aliuliza.

"Ni vilevile. Hakikatai. Kuanza ndiko kunamshinda."

Gwamaka alikuwa ameinamisha kichwa. "Na yale ya ng'ombe? Nilimwomba msamaha mbele ya ndugu. Hakunipa."

Lusungu alisema taratibu. "Ulimwomba msamaha mtu ambaye hana hasira na wewe. Hakuwa na cha kukupa. Baba yako hajanuna, Gwamaka."

Gwamaka aliondoka, akaenda kusimama kwenye migomba. Hakutaka mke wake aone uso wake.

Aliporudi alikuwa na swali moja. "Dawa yake iko hospitali?"

"Hospitali mtampeleka, lazima. Daktari atapima damu, atatazama kama kuna ugonjwa mwingine, au huzuni iliyojificha. Mengine hutibika. Lakini demensia yenyewe haina dawa ya kuiondoa, na sitawadanganya. Tiba kubwa ya kukosa hamu iko hapa uani. Mmemnyang'anya ng'ombe, panga na jembe. Mlifanya kwa heshima, najua. Lakini mtu asiye na la kufanya anazidi kuzama. Mrudishieni kazi. Iwe ndogo, aliyoizoea, isiyo ya hatari. Na mumwanzishe ninyi. Mchana anashinda na nani hapa?"

Tusekile alitazama chini. "Mimi. Lakini mimi ni mkwe."

Nesi alikuwa mzaliwa wa hapo, alielewa.

"Mwacha mila ni mtumwa," Gwamaka alisema, bila nguvu.

Jumapili shangazi Anyisile alifika mwenyewe kwa bodaboda, na mtungo wa samaki wakavu mkononi. Habari za Gwamaka zilikuwa zimemfikia, naye alikuwa amekuja kumchukua mdogo wake. Tusekile alimpigia magoti, akamsimulia yote, mvua, chakula na maneno ya nesi. Mwisho akasema jambo ambalo hakuwahi kudhani angelisema mbele ya mkubwa.

"Shangazi, msimchukue. Niruhusuni nikae naye. Mkikataa nitakaa naye hivyohivyo, mje mnitoze faini."

Gwamaka alishika kichwa. Shangazi aliweka samaki chini.

"Mtoto huyu ana kichwa kigumu," alisema. "Ndicho tunachokihitaji. Sikilizeni. Mila ilisema mkwe asimtazame baba mkwe usoni. Ni heshima. Haikusema amwache afe na njaa kwenye kiti. Kaeni ubavu kwa ubavu kwenye kichanja. Macho yako na yake yatazame kakao. Mimi dada yake nimesema, na atakayeuliza aje Matema."

Wiki ile walimpeleka mzee hospitali. Daktari alithibitisha ni demensia. Masikio yalikuwa yamejaa nta, yakasafishwa. Damu ilikuwa pungufu, akapewa dawa. Kisha wakarudi nyumbani, na kazi ikaanza.

Haikuanza vizuri. Tusekile alisimama mlangoni pa jiko akasema, "Tata, geuza kakao." Mzee hakusogea. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hapo akajiona kama mtu anayeifokea injini. Akakumbuka handeli.

Alisogeza kiti cha mzee mpaka kichanjani. Akakaa ubavuni pake kwenye kigoda, magoti yote yakielekea kakao. Hakumpa maelezo marefu. Aliushika mkono wa mzee, akauweka juu ya mbegu zenye joto la jua. Akausukuma mbele, akaurudisha nyuma. Mbele, nyuma. Kisha akaachia.

Mkono ulisimama. Tusekile alingoja. Vidole vikachezea mbegu mbili zilizoshikana, vikazitenganisha. Mkono ukaenda mbele.

"Ndaga, tata," Tusekile alisema. "Asante."

Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Mzee alifanya kazi kwa muda mfupi, akaacha. Tusekile hakumlazimisha.

Tangu hapo kila siku ikawa na mpango wake uleule. Asubuhi, chai. Jua likipanda, kakao. Baadaye, chakula. Mzee alizoea mfuatano huo hata pale alipoyasahau mengine. Kwenye chakula, Tusekile alitenga kitu kimoja kimoja. Akampa kijiko mkononi, akauinua mkono mara ya kwanza tu. Naye akala sahani yake mwenyewe palepale, ubavuni. Mzee akisikia mwenzake anakula, mkono wake ulifuata. Kuku walisubiri weee, wakakata tamaa.

Siku nyingine hakutaka kitu. Tusekile alikasirika, tusidanganyane. Kuna siku alitupa ufagio, akaenda kwa jirani yake kulalamika. Jirani alikuwa Shamsa, mwenye duka la vitambaa, aliyehamia kutoka Kyela mjini.

"Mama yangu alikuwa hivyo," Shamsa alisema. "Akikataa, muache. Rudi baada ya muda kidogo kama hakuna kilichotokea. Na wewe pumzika. Ukichoka, huruma inaisha, na yeye anaijua sura ya aliyechoka hata asipolijua jina lako."

Jioni hiyo Tusekile alimwambia mume wake waziwazi. "Baba ni wetu wawili. Mimi ninashinda naye. Kumwogesha ni kwako, na Jumamosi yote ni yako."

"Jumamosi nifanye naye nini?"

"Muulize ng'ombe."

Gwamaka aliuelewa ujumbe. Jumamosi alimshika baba yake mkono, wakatembea taratibu mpaka kwa ndugu anayemtunza yule ng'ombe. Akampa mzee fagio la zizini, akaanza yeye kufagia zizi. Mzee alisimama tu. Gwamaka akaanza wimbo wa kanisani ambao baba yake aliuimba zamani akifagia. Kwenye kiitikio, sauti nzito ya pili ikasikika nyuma yake. Fagio nalo lilikuwa limeanza kwenda.

Walirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Uso wa mzee ulianza kujaa. Kamba ya suruali ikaondoka. Bado alisahau majina, na mara nyingine alimwita Gwamaka kwa jina la mdogo wake mwenyewe aliyefariki. Siku za kukaa kimya zilikuwepo. Nesi Lusungu alipopita kuwaona, aliwakumbusha tena.

"Ugonjwa bado upo. Msimpime kwa jana ya ujana wake. Mpimeni kwa wiki iliyopita."

Msimu mwingine wa kakao ukafika. Siku moja Gwamaka alirudi mapema, mashine ilikuwa imeharibika. Tusekile alikuwa jikoni anapika ndizi. Mzee alikuwa kichanjani, akigeuza mbegu peke yake, pole pole.

Gwamaka aliona wingu. Lilikuwa limeshafika kwenye minazi. Upepo ukapita na harufu ya udongo uliolowa. Alitupa baiskeli, akafungua mdomo aite. Kisha akaufunga.

Baba yake alikuwa amesimama.

Hakuna aliyemwambia asimame. Alikuwa ameinama, ameokota turubai, ameshika pembe moja kwa mikono miwili. Hapo alikuwa amekwama. Alisimama na pembe yake, anaitazama, hajui kinachofuata. Tone la kwanza likampiga begani.

Gwamaka alikimbia. Akapita upande wa pili wa kichanja, akaokota pembe nyingine, akaiinua ili mzee aione. Macho yao yalikutana juu ya kakao.

"Vuta," mzee alisema.

Wakavuta. Turubai likapita juu ya kichanja, upande kwa upande, na mvua ikashuka juu yake kwa kishindo. Tusekile alitoka jikoni mbio, na mwiko mkononi, akakuta kazi imekwisha. Baba na mtoto walikuwa wamesimama mvuani, wamelowa wote wawili, kila mmoja bado ameshikilia pembe yake.

"Ingieni ndani," Tusekile alisema. "Mtaugua."

Gwamaka hakusikia. Mwaka mzima alikuwa amengoja neno moja kutoka kwa baba yake. Alidhani litakuwa refu.

Aliachia pembe ya turubai, akazunguka kichanja, akamshika mzee mkono. Akapiga hatua ya kwanza ili mzee aifuate. Wakaingia ndani kula ndizi, kakao ikiwa kavu.